Usiotakiwa na Nani?

Ukimuuliza mtu gugu ni nini, au ukifungua kamusi, jibu utakalopata litafanana na hili: ni mmea unaoota mahali usipotakiwa. Jibu fupi, safi, halina ubishi. Ila nimekaa nalo wiki tatu sasa na kuna kitu kinanikera. Usipotakiwa na nani? Kiswahili kinaturuhusu kusema jambo limetendeka bila kumtaja mtendaji. Kibaka kapigwa. Vibanda vimebomolewa. Mmea hautakiwi. Sisi tunaoandika habari tunaijua vizuri faida ya sentensi za namna hii: unaandika, unalala, na kesho yake hakuna wa kukupigia simu kulalamika. Lakini bustanini mtendaji yupo. Ameinama, ana jembe au mikono mitupu, na kila baada ya sekunde chache anatoa hukumu: huyu abaki, huyu aende.

Haki ya kutoa hukumu hiyo inatoka wapi? Nililiuliza swali hili kwa sauti tukiwa shambani, mdogo wangu akacheka sana, akasema watu wa magazeti tukikosa habari tunaanza kuhoji majani. Sawa. Ila naomba msomaji anivumilie kidogo, maana naona swali lenyewe haliishii kwenye majani.

Niko Itiryo, wilayani Tarime, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Watu wa nchi za baridi wana majira yao ya kuchipua na wameyatungia mashairi mpaka yamechakaa. Sisi hatuna theluji ya kuyeyuka, lakini masika tunayo, na kwa macho ya mtu wa bustani hayapungui kitu. Januari vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Kisha mvua inapiga siku tatu mfululizo, na wiki inayofuata ardhi ile ile iliyoonekana imekufa inatoa kijani kila mahali: ulipopanda, usipopanda, hadi kwenye ufa wa ngazi ya mlango.

Kazi za bustani za kipindi hiki ni ndogondogo na hazina sifa. Asubuhi, jua halijapanda, Mama anapita kwenye sukuma wiki akigeuza jani moja moja kutafuta viwavi. Anamwaga jivu la jikoni kuzunguka mashina ya miche ya nyanya kuwazuia sota, wale viwavi wa udongoni wanaokata mche usiku, ukiamka unaukuta umelala kama umepigwa panga. Anapunguzia vitunguu vilivyosongamana. Anageuza mtambaa wa boga usiyaparamie maharage. Anayainulia mahindi udongo. Na katikati ya kazi zote hizo kuna moja isiyokwisha, nayo ni palizi.

Palizi ya Mama ukiiangalia haraka haraka utasema ni uvivu. Jembe analitumia kati ya mistari tu. Akikaribia mashina analiweka chini, anachuchumaa, anatumia vidole. Siku moja nilihesabu mimea aliyoiacha kwa makusudi wakati hakuipanda. Katika eneo lisilozidi ukubwa wa sebule nilipata sita: mgagani, mnavu, mchicha pori, mlenda, nyanya zile ndogo za porini, na mche wa mpapai ambao ndege wameuleta wanavyojua wenyewe. Zote hizo ni mboga au matunda, na hakuna aliyezinunulia mbegu. Mgagani hasa. Ule mmea wenye vijani vitano kama vidole vya mkono, mchungu, unaochemshwa kisha unatiwa maziwa ili uchungu upoe. Maua yake yakianza anayakatakata, maana mgagani ukishaanza kuzaa mbegu majani yanapungua. Michache anaiacha ikomae, vitumba vipasuke, mbegu zimwagike zitakapo. Hapo kazi ya kupanda imekwisha mpaka mvua nyingine.

Ukiyaangalia majani hayo kwa utulivu yanasema mambo. Nyuma ya jiko, mgagani haujaota ovyo. Umeota kwa wingi katika umbo la duara ambalo halilingani na mstari wowote wa bustani. Nilimuuliza Mama. Akasema hapo ndipo lilipokuwa zizi la babu yenu. Mgagani unapenda samadi, na ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka mingi haisahau upesi. Babu nimemkuta katika picha moja tu, tena iliyofifia, lakini zizi lake nimeliona limechorwa chini kwa kijani, kwa mmea ambao mtu mwingine angeupiga jembe bila kuuangalia mara mbili.

Aliyoing'oa Mama nayo ina majina. Ndago, yenye viazi vidogo chini ambavyo ukikata juu vinakucheka. Sangari, yenye mizizi inayotembea ardhini kama waya. Mbigili. Kishona nguo, ambacho kuna sehemu watu wanakula majani yake machanga, ila Mama anawatupia mbuzi. Nilichogundua ni kwamba akiwa ameinama hasemi "gugu". Anasema, "Toa hiyo ndago, shika kwa chini." Neno magugu analitumia akiwa amesimama, anazungumza kwa jumla, kama mtu anavyosema "watu wa siku hizi".

Nikaanza kujiuliza ni mimea gani basi imepewa neno gugu kama sehemu ya jina lake lenyewe. Kwa haraka nikaipata miwili. Gugumaji, lililotoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani na watu walioupenda uzuri wa ua lake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limefika Ziwa Victoria na kuanza kuziba bandari na mialo. Na gugu karoti, lenye asili ya Amerika pia, ambalo wakulima wa Arusha wamelifahamu miaka ya karibuni na ambalo huwasha ngozi ya anayelishika. Yote mawili ni wageni waliokuja kwa kishindo. Nadhani walikuja upesi mno hata hatukupata muda wa kuwapa jina, tukawapa hukumu. Jina huwa linachelewa, linahitaji bibi fulani akae na mmea miaka, auonje, aunuse, aone mbuzi wake anaufanyaje. Hukumu haihitaji hayo yote.

Msomaji asiharakishe kudhani kosa lao ni ugeni. Mahindi yalitoka Amerika. Muhogo, maharage, viazi vitamu, nyanya, boga: wote ni wageni kutoka huko huko, na leo ukimwambia Mkurya mahindi si ya kwao atakuuliza umekula nini jana. Wenyeji wa Afrika hasa katika bustani hii ni ulezi, kunde na huo mgagani unaoitwa wa porini. Kwa hiyo kuwa mwenyeji hakujamsaidia mgagani, wala ugeni haukuyazuia mahindi. Aliyeamua ni tumbo, soko, na mazoea.

Hapa ndipo mwandishi wa insha anaposhawishika kukimbilia hitimisho tamu: basi duniani hakuna gugu, ni macho yetu tu. Ralph Waldo Emerson, Mmarekani wa karne ya 19, alikwisha kulisogelea wazo hilo aliposema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba gugu ni mmea ambao wema wake bado haujavumbuliwa. Inapendeza sana ukiisoma umekaa kwenye kiti. Shambani wazo hili lina tatizo moja, na tatizo hilo linaitwa kiduha.

Kama hujawahi kukiona kiduha, utakipenda. Kina maua ya waridi yanayoelekea zambarau, na shambani ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu. Zinakaa ardhini miaka kumi na zaidi bila kufanya lolote, mpaka mzizi wa mahindi, mtama au ulezi upite karibu. Mzizi unatoa kemikali fulani udongoni, mbegu inaipokea kama mlinzi aliyegongewa mlango, inaota, inajishikiza kwenye mzizi ule na kuanza kunyonya. Hayo yote yanatokea chini, huoni. Unaona tu mahindi yamedumaa, yamekuwa ya njano, kana kwamba kuna mtu ameyarogea. Wiki kadhaa baadaye ndipo kiduha kinachomoza juu na maua yake, na wakati huo hasara ya mwaka huo kwa sehemu kubwa imeshapatikana. Ukiking'oa unaokoa mwaka kesho.

Kamwambie mwanamke aliyevuna debe mbili pale alipotegemea magunia kwamba kiduha wema wake haujavumbuliwa. Kuna hukumu za haki. Kuna kitu ambacho kikiishi, kingine kinakufa, na mtu anayekula kwenye shamba hilo hana nafasi ya kukaa katikati. Kutopalilia nako ni kuchagua. Ukiacha, umeamua kwa niaba ya ndago.

Hata hivyo, kiduha chenyewe kina jambo la kusema kwa anayeuliza. Kinastawi zaidi kwenye udongo uliochoka, uliopandwa nafaka juu ya nafaka bila kupumzishwa wala kurudishiwa kitu. Watafiti wa ICIPE kule Mbita, ng'ambo ya Kenya kwenye ufukwe wa ziwa letu hili hili, tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakifundisha njia ya kupanda desimodiamu kati ya mistari ya mahindi: mmea wa jamii ya kunde ambao mizizi yake inavuruga kuota kwa kiduha na wakati huo huo kuongeza rutuba. Yaani dawa ya kiduha ilikuwa ni kubadilisha majirani zake. Mkosaji ni mkosaji, lakini alikuwa shahidi pia, na ushahidi wake ulikuwa juu yetu.

Basi tuna mgagani, ambao unasingiziwa, na kiduha, ambacho kweli kina hatia. Kama mambo yangeishia hapo insha hii ingekuwa fupi: jifunze kutofautisha, maliza. Lakini kuna kipande cha ulezi.

Ulezi, au wimbi kama majirani zetu wa Kenya wanavyouita, una ndugu wa porini. Wanabotania wanasema si ndugu tu: ndiye mzazi. Wakulima wa Afrika Mashariki, maelfu ya miaka iliyopita, waliutoa ulezi wa nyumbani kutoka kwenye ulezi huo wa porini kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi. Mzazi hajaondoka. Mpaka leo anaota shambani katikati ya wanawe, na yakiwa machanga majani yao huwezi kuyatofautisha kirahisi. Tofauti inakuja suke likitoka: la porini lina vidole vyembamba na punje zake zinapukutika zenyewe, la nyumbani linashika punje zake mpaka binadamu aje. Kiasi chote cha ustaarabu wetu kiko kwenye tofauti hiyo moja, kwamba huyu anatungoja na yule hatungoji.

Waliokulia kanisani watakumbuka mfano ulio katika Mathayo 13. Adui amepanda magugu katikati ya ngano, watumishi wanataka kwenda kuyang'oa, mwenye shamba anawazuia: mtang'oa na ngano, acheni vikue pamoja hadi mavuno. Wachambuzi wanasema gugu lililokusudiwa ni nyasi inayofanana mno na ngano hadi inapotoa suke. Nikiwa mdogo mfano huu ulinishangaza, kwa sababu hakuna mtu Itiryo ambaye angekubali ushauri huo. Ukiacha ndago kwenye ulezi hadi mavuno, utavuna ndago.

Nilikwenda kuangalia Mama anafanyaje. Anachokijua anaking'oa. Ndago, sangari, mbigili, bila kusita. Mche wenye shaka, ule ambao unaweza kuwa ulezi na unaweza kuwa mzazi wake, anaupita. Nikamuuliza mbona huu umeuacha. "Huo sijaujua bado," akasema. "Utatoa suke, utajisema." Wiki hiyo ameacha michache ya namna hiyo, na kwa hesabu yangu atapoteza nafasi na mbolea kidogo kwa ajili ya mimea ambayo mwishoni haitampa kitu. Anajua. Ni gharama anayoilipa ili asiue kwa kubahatisha.

Kwangu mimi, hapo ndipo jibu lilipoanza kuonekana. Mfano wa Mathayo hausemi tusihukumu kamwe, na jembe la Mama halisemi tuhukumu kila kitu leo. Haki ya kung'oa inaishia pale ujuzi wako unapoishia. Baada ya hapo unaazima haki ya mtu mwingine.

Ningependa kuishia hapo, lakini nyumbani kwetu kuna mjadala ambao haujanipa nafasi hiyo. Mdogo wangu amenunua bomba la kupulizia, lile la mgongoni la lita 16, na anataka kupiga dawa ya magugu. Sababu zake si za kipuuzi. Mama amevuka miaka sitini. Akiinuka kutoka palizi anashika kiuno kwa mikono miwili na kusimama hivyo kwa muda kabla ya kuanza kutembea. Vibarua wamekuwa ghali na hawapatikani, vijana wako mgodini au kwenye bodaboda. Dawa inamaliza kwa asubuhi moja kazi ya mgongo wa wiki mbili.

Dawa hizi nazo ni mahakimu, ila kila moja ina sheria yake. Ile ya glaifoseti, inayopigwa kabla ya kupanda, inaua karibu kila kijani inachokigusa. Nyingine, ya ukoo wa ile iitwayo 2,4-D ambayo dunia imekuwa nayo tangu miaka ya 1940, wauzaji wanaisifu kwamba inachagua. Na kweli inachagua: inaua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Mahindi yanapona kwa sababu mahindi nayo ni nyasi, jambo ambalo watu wengi hawajawahi kulifikiria. Lakini maharage yaliyo kati ya mahindi yana majani mapana. Kunde pia. Boga pia. Mgagani, mnavu, mchicha, mlenda, wote wana majani mapana. Ulezi wa porini na ulezi wa nyumbani wote ni nyasi, wote wanabaki. Sangari inabaki. Hakimu huyu anasoma umbo la jani, basi. Hajui nani analiwa.

Mdogo wangu akasema tukipiga misimu miwili mitatu tutakuwa tumemaliza kabisa. Hilo nilikuwa na cha kumjibu. Mwaka 1879, huko Michigan, Marekani, profesa mmoja aitwaye William James Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu, kila baada ya miaka ichimbuliwe moja ionekane mbegu zinaishi muda gani ardhini. Mwaka 2021 warithi wake wakachimbua chupa moja tena. Miaka 142 gizani, na bado baadhi ya mbegu zikaota. Hakuna mtu aliyewahi kumaliza magugu. Kupalilia ni kama kufagia uwanja, ni kazi ya kuishi, haina siku ya ushindi.

Nilidhani nimeshinda hoja. Mdogo wangu akaniuliza, bila hasira: "Sawa kaka. Kama haiishi, nani atakuwa anainama?"

Swali hilo limenikaa. Ni rahisi kwangu kuutetea mgagani. Ninaukuta mezani, umetiwa maziwa, ugali wa ulezi pembeni, nausifu, naandika. Anayelipa sifa zangu ni mgongo wa mtu mwingine, na katika nchi hii mgongo huo kwa kawaida ni wa mwanamke. Tuna maandishi mengi mazuri kuhusu mboga za asili, kilimo cha bibi zetu, hekima ya zamani. Machache yanasema hekima hiyo ilikuwa inafanyika umechuchumaa, na mtoto mgongoni. Mtu anayesema "msiue" lakini hainami amekuwa hakimu wa aina nyingine tu, yule anayetoa hukumu ya huruma na kuwaachia wengine waitumikie.

Sasa niseme lile nililokuwa naliogopa tangu mwanzo, maana lugha ya palizi haijawahi kubaki shambani.

Katika miaka ya siasa ya ujamaa, magazeti na majukwaa ya Tanzania yalizoea kuwaita watu fulani kupe. Mwaka 1983 ikaja Operesheni Nguvu Kazi: watu wakakamatwa mijini, wakapewa jina la wazururaji, wakapakiwa kupelekwa vijijini. Mmea unaoota mahali usipotakiwa. Rwanda, mwaka 1994, watu waliitwa mende, na kuwaua kukaitwa kazi. Ninaandika kwa kuishi, na kila mwaka ninakutana na vitenzi hivi vikija mezani vimevaa suti: kusafisha jiji, kung'oa mizizi, kufyeka. Vinapendeza kwenye kichwa cha habari kwa sababu ni vifupi, na kwa sababu havisemi nani alitendwa nini.

Na huku Itiryo tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, na mstari huo ukawapasua Wakurya katikati. Mgagani unaota pande zote mbili na una ladha ile ile. Mtu akivuka kutoka upande mmoja kwenda kwa shangazi yake upande wa pili bila karatasi, anakuwa mhamiaji haramu. Zingatia neno. Hatukusema safari yake ni haramu. Tumelibandika neno kwake yeye, kama tulivyolibandika gugu kwenye gugumaji.

Mtu anaweza kunijibu kwamba jamii nayo ina viduha vyake: majambazi, wezi wa ng'ombe, wala rushwa. Ni kweli, na mimi sisemi waachwe. Lakini kuna mahali mfano wa shamba unakatika, na ni lazima ukatike. Shamba lina mwenyewe. Alilima, alipanda, atakula au atalala njaa, na ndiyo maana ana haki ya kusema hapa ni mahindi. Nchi haina mwenyewe wa namna hiyo. Hakuna aliyetupanda wengine, na hakuna anayetungoja tukomae atuvune. Mwizi wa ng'ombe anahukumiwa kwa ng'ombe aliyeiba, kwa jina lake, mbele ya watu wanaoweza kusema sivyo. Akishageuka kuwa gugu, hana tena cha kujitetea, kwa sababu kosa lake limekuwa kuota. Mtu yeyote anayetaka kutumia lugha ya palizi kwa binadamu anajifanya mwenye shamba, na hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kumkatalia.

Ninachokichukua kutoka bustanini kwenda kwa watu, basi, ni kile kidogo tu kinachovuka salama. Kwamba ukiwa karibu unapata jina, na ukiwa mbali unapata hukumu. Kwamba "sijaujua bado" ni sentensi kamili, haihitaji kuongezewa kitu. Na kwamba anayetaka kitu kiishi achangie gharama ya kuishi kwake.

Ile ya mwisho ndiyo iliyomaliza mjadala wetu, kwa kadiri ulivyokwisha. Mama alitusikiliza siku mbili bila kusema neno, kisha jioni moja akatoa maamuzi yake akiwa anachambua mboga. Lile shamba la chini la mahindi, ambalo halina maharage, mwakani mdogo wangu anaweza kulipiga dawa kabla ya kupanda, na avae gambuti na kitambaa usoni, na bomba lioshwe mbali na kisima. Bustani ya nyuma ya jiko bomba lisiingie. Kwenye ulezi pia lisiingie. "Na nyie mnaoongea sana kuhusu mgagani," akasema, bila kututazama, "mistari mnaiona."

Hajasema dawa ni mbaya, wala hajasema ni nzuri. Amegawa ardhi kulingana na anachokijua na anachokula, kisha akagawa kazi. Mdogo wangu ameridhika nusu. Mimi nimeridhika nusu. Kiuno chake yeye kimepata nafuu ya shamba moja, na mistari sita ya ulezi imegawanywa mara tatu, miwili kila mtu. Ya kwangu iko upande wa zizi la zamani, ambako samadi imefanya kila kitu kiote kwa fujo, na miche yenye shaka ni mingi. Nimeshaanza kuipita.